Mkimbizi wa Mita Mia Nane

Uvira, Rugenge, tarehe 3 Machi 2025

Mdogo wangu Florentine,

Nakusalimu wewe, Baba Noella, Noella mwenyewe, na wale kuku wako unaowasifu kuliko watu. Sisi tupo. Ukisikia redioni kwamba Uvira yote imekimbia, punguza nusu. Waliovuka Kavimvira kwenda Burundi mwezi uliopita wameanza kurudi, wengine kwa aibu, wengine na magodoro kichwani. Gracien wangu, uliyemwacha ananyonya, alihama Luberizi na familia yake, sasa amerudi kwa sababu mpunga haumngojei mtu. Mkewe amejifungua msichana. Mimi ni goti tu linalonisumbua. Jolie hajambo, anakula kuliko kaka zake.

Sasa sikiliza. Nakuandikia barua kwa sababu kwa simu umenizoea. Kuna jambo nikikuuliza mtandao unakatika, na unakatika kila mara mahali pale pale. Karatasi haikatiki. Libérat, baharia wa bato la chumvi, atakupa barua hii mkononi, na kila boti ikirudi bandarini Kalundu nitakuwa hapo namngoja.

Komite ya Mbio za Ziwa imenipa kazi ya kuandika historia ya mbio zetu, kijitabu cha kugawa mwezi wa nane, kwa kuwa mwaka huu zinarudi kwenu Kigoma kwa mara ya kwanza tangu 1996. Ildephonse, rais wetu, aliniambia mbele ya wote, "Mama Honorine, weye ndiye uko na kichwa ya zamani." Maana yake nimezeeka. Nikakubali kabla hajaongeza lingine.

Nimeshaandika mambo ya Mpulungu, mwaka ule Wazambia walipoanzisha mbio kwa bastola. Nilikuwepo, nimesimama kando ya mstari na mataulo. Ilipolia, wasichana wa pwani nyingine wakaondoka. Wa kwetu wote walikuwa chini, vifua kwenye majani, mikono kichwani, na mimi kocha wao nimelala nao na mataulo yangu. Uwanja ukacheka sana. Halafu ukaacha kucheka, mmoja mmoja. Tangu hapo Mbio za Ziwa zinaanza kwa kengele ya shule, pwani zote nne, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Nimekwama kwenye 1996. Hadithi hapa kila mtu anaijua: msichana wa Uvira, wa mita mia nane, anashuka bandarini Kigoma na timu yake, afisa anamwuliza ni nani, naye anajibu, "Minye ni mukimbizi," akidhani amesema anakimbia mbio. Afisa anampandisha kwenye lori la wakimbizi, anapelekwa kambini, na mbio zinakimbiwa bila yeye. Mama aliisimulia kwenye kila harusi mpaka alipofariki, akicheka hadi anajifuta macho. Nami nimeicheka. Ila sasa natakiwa kuiandika kwa wino, na mkono unakataa.

Tena Jolie amechaguliwa. Mita mia nane, hiyo hiyo yako. Anayemruhusu au kumkataza ni mimi. Kabla sijampandisha mtoto wangu kwenye bato nataka kujua kilichotokea kwenye ile bandari. Niambie, kisha nitajua la kufanya.

Ni mimi yaya wako, dada yako mkubwa,
Honorine

*

Kigoma, 28 Machi 2025

Yaya wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua utacheka hiyo shikamoo, utasema nimekuwa Mtanzania. Nimekuwa, nifanyeje? Hapa tunamshukuru Mungu. Mvua imeharibu ukuta wa jiko, Baba Noella ameusimamisha kwa miti na anautazama kila asubuhi kama utamwambia kitu. Noella amepata mchumba, kijana mpole wa Ujiji, anafundisha hesabu, na anakula polepole mno mpaka mtu unachoka kumtazama. Kuku wawili wameibwa. Najua hutanipa pole, lakini nakuambia.

Mtoto wa Gracien mmempa jina gani? Mkewe ana maziwa ya kutosha? Mwambie anywe uji wa ulezi. Na goti lako, acha kujitia msichana. Panda ngazi ukishika ukuta.

Hiyo historia nimefurahi umepewa wewe. Usisahau kuandika jinsi Papa, marehemu baba yetu, alivyokuwa akichora mistari ya uwanja kwa majivu ya tanuri la mkate, na asubuhi tukawa tunawafukuza mbuzi wasije kuyalamba. Na ule mwaka wa mafuriko, warukaji chini walipokuwa wakitua kwenye maji. Hayo watu watayapenda.

Kuhusu 1996, Yaya, andika tu ilivyosimuliwa siku zote. Watu wameizoea hivyo. Haina ubaya.

Jolie aje. Nitampokea mimi mwenyewe. Kitanda kipo, chandarua kipo, na nimeshamwambia Noella asimwazime nguo zake zile fupi. Bandari ya sasa si ile ya zamani, kila kitu kina utaratibu. Mruhusu.

Libérat ananiita kwa filimbi, wanaondoka. Nakutumia dagaa wa kukaanga, usiwape majirani wote.

Mdogo wako,
Florentine

*

Uvira, 2 Mei 2025

Florentine,

Tumepokea dagaa, tumewala, majirani wamepata harufu. Mtoto anaitwa Aline. Maziwa yapo. Mchumba wa Noella atakula haraka akishapata watoto. Hizo ndizo salamu zangu, zimekwisha.

Umenijibu yote ila nililokuuliza.

Ngoja nikuonyeshe nilipofika. Nimeandika mwanzo, 1984, walimu wa michezo wa Uvira, Bujumbura na Kigoma walipokubaliana kwamba vijana wa ziwa moja hawawezi kujuana kwa kununuliana samaki tu. Mpulungu wakaja baadaye. Mwanzoni iliitwa Miting ya Ziwa, na jina hilo likatutia matatani, maana siku zile mkutano wowote ulioitwa miting ulikuwa wa chama tu. Wakatumwa askari waje wasikilize hotuba. Wakakaa siku nzima kwenye jua wakingoja hotuba, wakaona watu wanaruka juu na kutupa chuma. Jioni mkubwa wao akaandika kwamba hakuna kilichosemwa dhidi ya serikali. Ndipo Papa, kiongozi wa timu yetu, akabadilisha jina. Nimeandika pia wanawake walivyoanza, wakikimbia na vikwembe vimefungwa kiunoni kwa sababu mapadri hawakutaka kuona magoti, na yule mama wa Makobola ambaye kikwembe kilimtoka katikati ya mbio, akaendelea na kaptula ya mumewe, akashinda, na tangu mwaka uliofuata hakuna aliyekumbuka kuwakataza.

Nilipokuwa naandika hayo, nikamkumbuka Papa vizuri. Mwalimu Damien! Alimsahihisha Kiswahili padri katikati ya mahubiri. Nyumbani tuliongea tulivyotaka, lakini kwenye daftari lake ole wako. Mimi na wewe alitusimamisha ukutani, tukarudia mpaka giza: anayekimbia mbio ni mkimbiaji, anayekimbia vita ni mkimbizi. Umesahau? Mimi nilikuwa nalia, wewe ulikuwa unacheka, ukapigwa kwa sababu ya kucheka.

Kwa hiyo nauliza. Mtoto wa Mwalimu Damien, aliyepigwa kwa neno lile lile, alikosea vipi neno lile?

Nauliza kwa sababu ya Jolie. Anafanya mazoezi asubuhi kwenye barabara ya Makobola, ule uwanja wetu wa pwani ziwa limeumeza tangu mwaka jana na sasa mabata ndiyo yanacheza. Kukimbia barabarani siku hizi ni kazi. Mara ya kwanza walipita kimya, msafara wa wasichana wanakimbia bila kusema, na wamama waliokuwa sokoni wakaona, wakapiga kelele wakidhani adui wanakuja, "Banakuya!" Wakabeba watoto, wakaacha mihogo, soko zima likafuata wasichana kuelekea mjini. Pale kizuizini askari wakawakamata wote: "Munakimbia nini? Kuko nini huko nyuma?" Jolie akawajibu, "Minye nakimbia tu, sikimbii muntu." Tangu siku hiyo ni sheria, hawakimbii bila kuimba. Wakiimba, watu wanajua ni michezo.

Kama lilikuwa kosa la neno, neno nitamfundisha na ataenda. Kama halikuwa neno, kulikuwa na kitu kingine pale kilichomchukua msichana akiwa na viatu vya mbio mkononi, na wewe unakijua, na unaniambia nimlete mtoto wangu mahali hapo hapo. Sipati usingizi. Nijibu.

Honorine

*

Uvira, 11 Juni 2025

Florentine,

Salamu kwa wote. Libérat amekuja mara mbili na mikono mitupu. Ya kwanza alisema ulikuwa na malaria. Ya pili alisema ulikuwa msibani. Hajui kudanganya, masikio yanamwiva.

Komite inataka majina ya timu. Nimewaambia la Jolie waliache wazi. Mtoto hanisemeshi, anapita ndani ya nyumba na viatu vyake shingoni. Mimi nazunguka tu, nafagia pale nilipokwisha kufagia. Kama hutaki kuniambia, niandikie kwamba hutaki. Hata hilo litakuwa jibu.

Honorine

*

Kigoma, 22 Juni 2025

Yaya,

Sote wazima. Sikuwa na malaria.

Nimechana karatasi nyingi. Mara naanza na Mama, mara naanza na lori. Baba Noella akaniambia, mwandikie dada yako kama unavyomwambia mtu njia ya kwenda sokoni. Najaribu.

Tulifika Kigoma mchana. Siku hiyo yaliingia mabato mengine mengi, ya watu waliokimbia, wamebanana hadi hujui huyu mguu ni wa nani. Afisa aliweka mistari miwili, wa wageni na wa wakimbizi. Papa ndiye alikuwa kiongozi wa timu, kwa hiyo afisa alimwuliza yeye, akitunyooshea kidole mmoja mmoja. "Na huyu?" "Mkimbiaji." "Na huyu?" "Mkimbiaji." Wenzangu wakapita mbele. Mimi nilikuwa wa mwisho kwa sababu nilikuwa nimechafukwa na moyo kwa mawimbi ya ziwa.

"Na huyu?"

Papa akanitazama. Akasema kwa sauti ile ya imla, kila silabi peke yake: "Huyu ni mkimbizi."

Afisa akarudia, "Mkimbiaji au mkimbizi?" Papa akasema, "Mkimbizi. Simjui. Alipanda nasi Uvira."

Sikukosea neno, Yaya. Sikuulizwa neno lolote.

Nilidhani amechanganyikiwa. Nilipokuwa juu ya lori akaja mbio, akamwambia dereva kwamba msichana amesahau viatu vyake, akanipa viatu. Ndipo aliponiambia, chini chini, kwa maneno ya nyumbani: "Luberizi banalala mu pori. Wiki kesho ni Uvira. Nikikurudisha sitapata tena bato ya kukuvusha. Baki." Nikamwuliza, "Na Yaya?" Akasema, "Yaya yako iko na mutoto ku kifua, iko na bwana yake. Akitoka, nyumba yote inatoka. Weye uko na biatu tu." Akasema nikifika siku ya kusimulia, niseme nilikosea neno. "Kosa, mama yako atalicheka siku moja. Lakini asijue kama ni minye nilikuacha." Akasema na wewe usijue, kwa sababu ungeuliza kwa nini mimi na si wewe.

Vita vilifika kwenu baada ya muda mfupi, unajua kuliko mimi. Kila nilipotaka kukuambia, nikawaza, nitasema nini? Kwamba Papa alikuwa na nafasi moja ya kuokoa mtu akanipa mimi? Wewe uliyezika watoto wawili kwenye vita vile? Nikaona heri mnicheke. Mlipokuwa mnacheka nilijua mpo hai.

Mama alipofariki sikuja. Nilikuambia sina karatasi za kusafiria. Zilikuwepo. Niliogopa ungenitazama usoni ukajua.

Lakini na mimi nina langu, na nitalisema. Alinipa Kigoma. Alinipa kambi, uji wa foleni, na hema la watu wa mbali nisiowaelewa lugha. Wewe alikupa yeye mwenyewe. Angeweza kubaki na mimi, mstari wa wakimbizi ulikuwa wazi. Alipanda bato akarudi kwako na kwa Mama. Nimekuonea wivu maisha yangu yote, Yaya, na wewe hukujua kwamba kuna cha kuonewa wivu.

Mdogo wako,
Florentine

*

Uvira, 6 Julai 2025

Florentine,

Sina salamu leo.

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani, mmoja amekufa na mwingine yuko ng'ambo. "Simjui"! Mwalimu aliyetuchapa kwa uongo wa kuchovya sukari, anasimama mbele ya serikali anasema simjui.

Unasema alinipa yeye mwenyewe. Alinipa mzee aliyekaa barazani uso ziwani, mpaka presha ikamchukua, asiyetaka kuongea na mtu saa ambazo mabato yanaingia. Nilimpelekea chai pale kila siku na akaipokea bila kugeuka. Nilidhani amenichoka.

Nimekucheka miaka yote hii kwenye harusi za watu, na wewe ukaniacha nicheke.

Jolie haji. Ildephonse nimeshamwambia. Usiniandikie.

Honorine

*

Uvira, 9 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Anayekupa barua hii ni Jolie. Kwa hiyo unaona.

Msalimie Baba Noella na ukuta wake. Hapa tuko wazima, Aline ameanza kushika vitu, amenivunja miwani, ndiyo maana mwandiko unapanda na kushuka.

Nilimwondoa Jolie kwenye timu lakini barabarani hakuacha kwenda. Wiki iliyopita walikuwa wanarudi kutoka Makobola, wanaimba, risasi zikalia karibu na kizuizi. Askari walikuwa wamegombana juu ya kitu fulani, baadaye tuliambiwa ni kuku. Watu wote wakakimbia, na wasichana nao. Nilikuwa mlangoni nilipomwona mwanangu anakuja kwa mbio ambazo sijawahi kumwona nazo, mdomo wazi, haimbi, mtoto wa jirani mgongoni. Alimweka chini yule mtoto, akakaa kizingitini, akavua viatu. Akaniambia, "Mama, minye nilifikiri najua kukimbia. Leo nimejua ingine, na siipendi."

Nilimwelewa Papa pale pale, na sikutaka kumwelewa. Ningekuwa na afisa mbele yangu dakika ile, ningesema simjui huyu, mchukue, nenda naye. Ningesema haraka kuliko Papa.

Kulipokucha nikamsomea Jolie barua yako yote. Alilia kwa ajili yako. Halafu akauliza swali ambalo mimi nilikuwa sijauliza: "Lakini mama mudogo, nani alimuuliza yeye?"

Basi nimemwambia hivi. Atakimbia. Pale bandarini hakuna atakayemjibia. Nimemkataza Ildephonse kufungua mdomo. Mbio zikiisha, kama akija kwako na mfuko wake, mpokee, usimrudishe kwa ajili yangu. Kama akipanda bato, msindikize, usimshike kwa ajili yako. Sijamwambia ninachotaka. Kusema kweli nataka yote mawili, na nabadilika mara nyingi kwa siku moja, hata Gracien amenikimbia.

Kijitabu kimekwisha. Mwaka 1996 nimeuandika hivi: "Kigoma. Florentine wa Uvira, mita mia nane, hakukimbia. Baba yake, Mwalimu Damien, kiongozi wa timu, alimwacha ng'ambo ili aishi. Anaishi." Ildephonse alisema watu watashangaa kwa kuwa wameizoea ile nyingine. Nikamwambia washangae.

Nimekuwa mkali kwako. Barua yako ilinikuta nimezoea kuwa yule aliyebaki kuteseka, na ukaninyang'anya hilo kidogo. Sijapoa sana. Lakini niandikie.

Yaya wako,
Honorine

*

Kigoma, 18 Agosti 2025

Yaya,

Shikamoo. Baba Noella anakusalimu, Noella anakusalimu, na yule mchumba anakusalimu, polepole.

Nianze na mbio maana najua miwani imevunjika na hutavumilia. Uwanja ulijaa. Waliita timu za pwani nne kwa majina, na ya Uvira ilipoingia nilipiga vigelegele mpaka mwanamke mbele yangu akahama. Kengele ikalia. Jolie alikuwa wa tatu. Angekuwa wa pili, lakini kwenye kona ya mwisho aligeuza kichwa kuangalia nilipokaa. Nimeshamgombeza. Kijitabu chako kimesomwa kwenye majukwaa, watu wamecheka mahali pa askari na hotuba. Mzee mmoja wa hapa, aliyekimbia mwaka ule, alikuja na ukurasa umefunguliwa, akaniuliza kama ni mimi. Nikasema ni mimi. Alinishika mkono, akakaa karibu yangu hadi mbio za kupokezana vijiti zikaisha.

Bandarini afisa alikuwa binti mdogo, mwenye kompyuta. Alimwuliza Jolie ni nani, naye akajibu "mwanariadha." Nilikuwa nyuma ya uzio, nimeshika waya kwa mikono yote miwili.

Sasa lile unaloliogopa. Jana jioni alikuja na mfuko wake. Sikumvuta, Yaya, nakuapia kwa Mama. Nilikuwa napika na nikaendelea kupika. Akasema, "Mama mudogo, minye nabakia. Nataka kusoma huku na kukimbia huku. Hakuna muntu ameniacha, minye mwenyewe ndiye nabakia." Nikamwuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika na anaogopa. Kuna mwalimu wa michezo wa hapa aliyemwona akikimbia, ameahidi kuja nyumbani kuongea na Baba Noella juu ya shule. Jolie amekuandikia kwa mkono wake, barua yake ipo chini ya hii. Isome ukiwa umekaa.

Najua umesimama Kalundu. Najua umekuja mapema kabla bato halijaonekana, na umemwona Ildephonse na wasichana wamesimama juu ya bato, na umekuwa ukitafuta mmoja. Pole, Yaya wangu. Pole sana. Lia tu, usijikaze mbele ya watu wa komite.

Nafasi ya Jolie kwenye bato ilibaki tupu. Ildephonse alitaka kuweka ndizi. Nikamwambia aache.

Nimemwomba Libérat ashuke wa kwanza akupe hii, na awazuie wapakuzi mpaka umalize. Nimenenepa, nimevaa miwani, nywele zimeota mvi, hutanijua hata ukinitafuta. Nimekaa nyuma humu batoni, kwenye magunia ya chumvi. Kama bado umenikasirikia, mwambie Libérat, nitarudi na bato hili hili, sitashuka kukusumbua. Kama umepoa, hata kidogo tu, niite.